Aliyeitikiwa Yupo

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wahenga walipoitoa methali hii walikuwa wakimtazama mzazi anayeona uchungu kumpa mtoto dawa chungu, au kumkataza anacholilia, akaamua kumwacha kwa huruma. Baadaye machozi aliyomwepusha mwana yakamrudia yeye mwenyewe, tena maradufu. Wengi huidhani ni methali ya viboko na watoto watundu. Sivyo. Mwana anayesemwa si lazima awe wa kuzaa, wala si lazima awe mtundu. Anaweza kuwa wifi wa mtu, msichana mpole asiye na neno na yeyote, na anayemchelea akawa mwanamke mwenye moyo mwema kuliko wote mtaani. Huruma nayo ina kipimo chake, kama chumvi. Mwanamke aliyekuja kulijua hilo maji yakiwa yamekwisha kumwagika aliitwa Mama Pasi.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda kimoja cha udobi kilichofua mashuka ya hospitali na taulo za hoteli. Jengo lenyewe lilikuwa refu, limekaa kama treni iliyoharibikia njiani. Upande mmoja zilinguruma mashine za kufulia. Zikafuata mashine za kukaushia, ambazo zilitema joto na vumbi la nyuzi lililotua juu ya kila kitu. Kisha upande wa pili chumba cha pasi na meza za kukunjia. Juu kulikuwa na chumba kimoja tu, chumba cha viraka, ambako mashuka yaliyochanika yalishonwa. Kukifikia chumba hicho kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ngazi ya saruji, pana na yenye ukuta wa kushikilia, iliyopanda kutoka katikati ya jengo, jirani na mashine za kukaushia. Ya pili ilikuwa mlango wa dharura nyuma ya meza ya mshonaji, wenye taa ya kijani na picha ya mtu anayekimbia. Mlango huo ulitokea kwenye ngazi ya chuma, nyembamba na yenye mwinamo mkali, iliyoshuka hadi uwanja wa nyuma.

Mshonaji wa viraka aliitwa Sindano, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba aliyoolewa Mama Pasi. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia mguu wa kushoto mfupi na mkavu, usiopenda kukunjwa. Mama Pasi alipoingia katika nyumba ile kama bi harusi, Sindano alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Miaka michache baadaye mama mkwe aliugua. Siku alipoona safari yake imewadia, alimshika mkono mkaza mwana wake akamwambia, "Huyu usimwite wifi. Mwite mwanao. Nakuachia. Nisimsikie analia huko niendako."

Mama Pasi aliahidi. Ahadi hiyo aliishika kwa mikono miwili, na ndiyo iliyomponza.

Walipendana wawili hao mpaka watu wakashangaa, maana wifi na wifi huwa ni sumaku na sumaku iliyogeuzwa. "Wifi gani wewe," Sindano alikuwa akimtania asubuhi wakienda kazini taratibu, mmoja amemshika mwenzake kiwiko. "Hunisemi kwa majirani, hunihesabii matonge. Watu wataniuliza kama kaka yangu ameoa kweli."

"Nikuseme nini na huna hata kosa moja? Nitafutie kosa basi, nami nipate la kuzungumza kisimani."

"Nitajitahidi, wifi."

Wakacheka. Walipofika kazini, Sindano alipanda ngazi ya saruji akishikilia ukuta, kidogo kidogo, na hakushuka tena hadi jioni. Chai aliletewa juu.

Sasa pale kiwandani palikuwa na mhudumu wa mtambo wa mvuke, mwanamume wa makamo, mkimya, mwenye mikono mikubwa kama majembe. Wakubwa walimpeleka kwenye mafunzo ya usalama wa moto, na mtu huyo aliondoka fundi akarudi kamusi. Moto haukuwa tena moto, ulikuwa "tukio la moto." Mlango ukawa "njia ya kutokea." Kivuli cha tangi la maji, walikozoea kukaa na kupiga soga, kikabandikwa kibao na kuitwa "mahali pa kukusanyikia." Alivaa fulana ya njano yenye mistari inayong'aa hata wakati wa kula. Wanawake wa chumba cha pasi wakambatiza Kamanda.

"Kamanda," mmoja alimwambia akielekea chooni, "natumia njia ya kutokea. Nisiporudi, nitafute mahali pa kukusanyikia."

Kamanda alicheka pamoja nao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa. Lakini kulikuwa na jambo moja alilokataa kabisa lisifanyiwe mzaha, nalo ni hesabu. Aliwasimamisha chini ya tangi akawaeleza. "Kengele ikilia, wote tunatoka, tunakuja hapa, naita mmoja mmoja. Nikijibiwa 'yupo', maana yake kuna jicho limemwona mtu huyo amesimama hapa nje. Watu wa zimamoto wakija hawataniuliza habari nyingi. Wataniuliza, 'Wametimia?' Nikisema bado mmoja, wataacha moto uendelee kula mashuka, wamfuate huyo mmoja. Nikisema wametimia, hawaingii. Watapigana na moto kutoka nje, kwa sababu nao wana watoto nyumbani. Mmenisikia?"

Walimsikia. Kusikia si kazi.

Zoezi la kwanza ndilo lililoleta balaa. Kengele ilipolia, vijana wawili wenye nguvu kutoka mashine za kufulia walipanda juu kama walivyoelekezwa, wakamkalisha Sindano kwenye kiti, wakamteremsha kwa ngazi ile ya chuma. Upepo wa uwanja wa nyuma ukapeperusha sketi yake. Ule mguu mkavu, ambao hakuwahi kumwonyesha mtu, ukaning'inia mbele ya wafanyakazi wote. Mpakizi mmoja wa mizigo, mtu asiye na haya, akapiga mluzi. Sindano alijifunika uso kwa mikono miwili hadi wakamweka chini. Kisha akajikokota nyuma ya tangi na kulia kilio cha chini chini, kile kinachotikisa mabega tu. Nyumbani hakula. Alipoitwa, alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

Kesho yake Mama Pasi alimfuata Kamanda kwenye chumba cha mtambo, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayeingia ulingoni.

"Kamanda, mwanangu habebwi tena kama gunia."

"Dada yangu, na mimi sikupenda ilivyokuwa. Huyo mpiga mluzi nimekwisha mshughulikia. Lakini kushuka lazima ashuke."

"Ashuke vipi na mguu ule? Unauona?"

"Ninauona. Basi tumfundishe kushuka mwenyewe. Akae, ashuke kwa kukaa, kidato kimoja baada ya kingine, mikono inashika vyuma. Mimi nitakuwa chini yake, wewe juu yake, na hakuna mwingine wa kutazama. Tutafanya jioni watu wakishaondoka, mpaka ngazi ile aizoee kama kitanda chake."

Shauri hilo lilikuwa jema, na Mama Pasi alilikubali. Jioni moja walijaribu. Sindano alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa dharura, akashuka kidato cha kwanza, cha pili, na vingine. Kisha akatazama chini kati ya vyuma, akaiona ardhi ilivyo mbali. Kutu ilikuwa imemkwaruza kiganja. Mguu ulikuwa unamuuma mpaka kwenye nyonga. Akakwama katikati, ameshikilia chuma kwa nguvu zote, machozi yanamtiririka.

"Wifi, nitoe hapa. Nakuomba, wifi, nitoe."

"Usitazame chini," Kamanda alisema kwa upole. "Nitazame mimi. Umebakisha kidogo tu."

"Wifi!"

Mama Pasi alisikia sauti ya mama mkwe sikioni mwake. Hakufikiri mara mbili. Alishuka, akamkumbatia msichana kwa nyuma, akampandisha juu kidato kwa kidato mpaka ndani. "Basi! Yametosha!"

"Mwache alie, Mama Pasi," Kamanda alimwambia kutoka chini. "Akifika chini leo akiwa analia, kesho atafika bila kulia. Ukimpandisha sasa, ataiogopa ngazi hii maisha yake yote."

"Wewe huna mwana, ndiyo maana unasema hivyo."

Maneno hayo yalitoka kama mshale, na mshale ukishatoka haurudi upindeni. Kila mtu pale kiwandani alijua kwamba Kamanda na mkewe walikuwa wamezika mtoto wao pekee. Kamanda aliokota kofia yake akaondoka zake, na tangu jioni ile hakulizungumzia tena suala la ngazi.

Ndipo Mama Pasi akatengeneza njia yake. Usiku huo, akimpaka Sindano mafuta kiganjani, alimwambia, "Sikiliza, mwanangu. Ukisikia kengele, wewe endelea kushona. Hata usinyanyuke. Mimi nitakuitikia."

"Na Kamanda akijua?"

"Kamanda niachie mimi."

Ikawa hivyo. Wale vijana wa kiti Mama Pasi aliwaambia wasipande tena, kwamba atamteremsha mwenyewe. Zoezi lilipokuja, watu walijipanga chini ya tangi, Kamanda akaita. Alipofika kwa mshonaji wa viraka, Mama Pasi alipaza sauti kutoka nyuma ya mabega ya wenzake: "Yupo!" Shoga zake wawili waliojua siri walibana vicheko. Mara ya kwanza moyo ulimwenda mbio. Mara ya pili haukwenda. Baada ya hapo neno lile likawa kama "bee" ya mtu aliyeitwa, linatoka lenyewe. Kamanda zamani alikuwa akinyoosha shingo kutazama; sasa hakunyoosha. Labda alidanganyika. Labda alijua akanyamaza, kwa kuwa maneno ya jioni ile yalikuwa bado yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Huko juu Sindano alishona huku akiimba, na wifi yake alipompelekea chai walicheka kama wezi waliofanikiwa.

Siku yenyewe ilikuwa siku kama nyingine. Hospitali ilikuwa imeleta marobota ya mashuka na ilikuwa ikiyataka kabla ya mchana. Mashine za kukaushia zilizungushwa bila kupumzishwa. Chujio za kunasa vumbi la nyuzi, ambazo zilipaswa kusafishwa kila mzigo unapotoka, ziliachwa zijae, kila mtu akisema zitasafishwa mzigo ujao. Nyuma ya mashine moja vumbi lile likaanza kufuka. Mkaushaji alipoona ulimi wa moto, alivunja kioo cha kengele kama alivyofundishwa.

Kengele ililia. Katika chumba cha pasi watu waliguna.

"Kamanda leo hana huruma," mmoja alisema akizima pasi. "Na kazi hii yote?"

"Amekosa wa kumtazama fulana yake," akajibu mwingine.

Kamanda alitokea mlangoni. Mafunzo yalimkataza kuwatia watu kiwewe, hivyo alisema maneno yale yale aliyoyasema kila zoezi, kwa sauti ile ile ya kujilazimisha. "Tukio la moto. Tokeni kwa utaratibu. Msichukue kitu." Chumba cha pasi kilikuwa upande usio na moshi bado. Mama Pasi alitoka akipiga miayo, simu yake ameiacha kabatini kama sheria ilivyotaka.

Chini ya tangi Kamanda aliita haraka haraka. Wafuaji, wapo. Wakaushaji, wapo. Wakunjaji, wapiga pasi, wapo.

"Mshonaji wa viraka?"

"Yupo!"

Mdomo ulikuwa umekwisha sema. Hata hakuacha kujifunga kitambaa chake cha kichwa.

"Mama Pasi," Kamanda alimgeukia hapo hapo, "kimbia hadi barabarani, gari la zimamoto likija ulielekeze waingilie lango kubwa, lile dogo haliwatoshi. Kimbia, dada yangu!"

Alikwenda akitabasamu, akijiambia kwamba leo mwenzetu ameamua kuigiza mpaka mwisho. Njia ya kwenda barabarani ilipita kando ya ukuta mrefu, na ukuta ulilificha jengo. Alisimama pale akipunga upepo kwa upindo wa kitenge. Mara akasikia king'ora, akaliona gari jekundu la kweli, na wanaume waliojifunga makoti mazito wameng'ang'ania pembeni. Akawaonyesha lango kubwa kwa mkono. Gari lilipompita, aligeuka kulifuata kwa macho, na juu ya paa la kiwanda akauona moshi mweusi umepanda umeinama, mzito kama mti.

Akaanza kukimbia kurudi uani.

Kule ndani ya ua, mkuu wa kikosi cha zimamoto alikuwa ameruka kutoka garini na kumwendea moja kwa moja mtu mwenye fulana ya njano. "Wametimia?"

"Wametimia," Kamanda alijibu. "Hakuna aliyebaki ndani."

Wale shoga wawili walisikia. Nao walikuwa wameuona moshi, na mioyo yao ilikuwa imeshtuka. Lakini kila mmoja alijiambia kwamba Mama Pasi hawezi kumwacha mwanawe katika moto wa kweli. Akisema yupo, basi leo yupo, huenda amesimama pale nyuma ya tangi. Hawakugeuka kutazama. Mkuu wa kikosi aliamuru mipira ya maji ivutwe, vijana wake wasiingie, wapige maji kupitia madirishani, kwa kuwa paa lilikuwa limeanza kulia.

Sauti ya Mama Pasi iliwafikia kabla yake. "Yumo! Mwanangu yumo! Yuko juu!"

Kamanda aligeuka. "Nani yuko juu?"

"Sindano! Yuko juu, hakushuka, hajawahi kushuka!"

"Umesema yupo." Hakufoka. Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyaelewa. "Mama Pasi, nimekuuliza, umesema yupo."

Mkuu wa kikosi hakungoja. Wanaume wawili walivaa vinyago vya hewa, wakaingia. Mama Pasi alitaka kuwafuata, ikabidi ashikwe na watu watatu. Aliita jina la mtoto yule mpaka sauti ikakatika ikabaki pumzi tu. Kamanda alikuwa amekwisha kimbilia uwanja wa nyuma, akapanda ile ngazi ya chuma bila kinyago, akausukuma mlango wa dharura. Mlango ulifunguka bila shida. Moshi ukamrudisha, akashuka akikohoa na kutapika.

Wale wawili walimkuta Sindano kwenye ngazi ya saruji, pale inapokata kona. Alikuwa amekaa, kichwa amekiegemeza ukutani kama mtu aliyeona apumzike kidogo kabla ya kuendelea. Moto haukumgusa hata ukucha. Moshi ndio uliomaliza kazi. Mlango wa dharura ulikuwa nyuma ya meza yake, hatua chache, haukufungwa, na taa yake ya kijani ilikuwa bado inawaka. Lakini mtu akipatwa na hofu hukimbilia njia anayoijua, na Sindano alijua njia moja tu. Aliifuata, nayo ikampeleka kwenye moshi.

Walimlaza kwenye nyasi, wakamfinya kifua, wakampulizia hewa kwa mashine. Walihangaika naye muda mrefu kuliko ulivyohitajika, kwa sababu ya yule mwanamke aliyepiga magoti pembeni. Mwishowe mkuu wa kikosi akavua kofia yake.

"Ameketi kidogo tu," Mama Pasi alikuwa akisema. "Mguu unamsumbua. Mpeni muda."

Sindano alizikwa kando ya mama yake. Mama Pasi hakuweza kulikaribia kaburi la mama mkwe. Aliona haya, kama mdeni anayekwepa mlango. Siku ya tatu kiwanda kilirudisha vitu vya wafanyakazi kutoka makabatini, maana chumba cha pasi hakikuungua. Mumewe ndiye aliyeipokea simu yake, akaichaji, akaiwasha mbele yake. Ilionyesha simu zilizopigwa zisipokewe, moja juu ya nyingine, zote kutoka kwa Sindano, zote za asubuhi ile. Mume alizitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe.

"Alikuwa anakuita," alisema.

Mama Pasi aliinamisha kichwa. Alimweleza yote tangu mwanzo: kiti, mluzi, ngazi ya chuma, neno la kuitikia. Hakuficha kitu, wala hakujitetea isipokuwa kwa jambo moja. "Mama aliniambia asilie. Mimi nilitaka tu asilie."

Mumewe alikuwa mtu mpole, na alichosema alikisema kwa upole. Hakukirudia tena maishani mwake, na pengine ndiyo maana hakikusahaulika. "Mama alikuambia asilie, mke wangu. Hakukuambia asifundishwe."

Jioni moja Kamanda alikuja. Hakuwa amevaa fulana ya njano. Alikaa kwenye kochi akishika glasi ya maji bila kunywa.

"Mimi ndiye niliyesema wametimia," alisema. "Nilikuwa na macho, sikuyatumia. Ulinijibu nami nikapokea, kwa sababu niliogopa kukuudhi tena."

"Nisamehe kwa lile neno nililokuambia pale kwenye ngazi."

"Lilikuwa la kweli. Sina mwana." Akaweka glasi chini. "Lakini yule tulikuwa naye wote."

Wakalia pamoja, watu wazima wawili, bila kuficha nyuso.

Kiwanda kilikarabatiwa, kazi ikaanza upya. Mama Pasi alirudi, maana nyumbani kila kona ilikuwa na kicheko kilichokosekana. Meza ya viraka ilihamishiwa chini, na kile chumba cha juu wakapewa wakunjaji. Mmoja wao alikuwa binti aliyeolewa juzi juzi, mwenye mimba ya kwanza, mwoga wa kila kitu. Aliposikia kwamba zoezi linakuja, alimvuta Mama Pasi pembeni. Wale wa zamani walikuwa hawajamsimulia. Nani angeanzia wapi?

"Mama, ile ngazi ya chuma inanitia kizunguzungu. Nasikia zamani mlikuwa mnaitikiana. Siku ya zoezi si uniitikie tu? Mimi nitakaa kimya huku juu."

Mama Pasi alimtazama sana, hata binti akadhani amemkosea. "Nani amekuambia tulikuwa tunaitikiana?"

"Nimesikia tu."

"Hukusikia habari yote," alisema.

Kengele ilipolia, Mama Pasi hakwenda chini ya tangi. Alipanda juu, akamshika yule binti mkono, akamtoa kwenye mlango wenye taa ya kijani. Alitangulia yeye, kinyumenyume, akishuka kidato kimoja na kungoja. Katikati ya ngazi binti akatazama chini. Akang'ang'ania chuma.

"Siwezi, mama. Nirudishe. Nakuomba nirudishe ndani!"

Ilikuwa pale pale. Kidato kile kile. Machozi ya binti yalimdondokea Mama Pasi kwenye mikono, ya moto. Kila kitu ndani yake kilimwambia amkumbatie ampandishe, amwambie yametosha.

"Lia, mwanangu," alimwambia, naye pia analia. "Lia kwa sauti, sikukatazi. Lakini mguu ushuke. Huu hapa. Haya, na wa pili."

Walishuka. Ilichukua muda, na wafanyakazi wote walisimama juani wakingoja bila hata mmoja kupiga mluzi. Siku hizi Kamanda haiti tena akingoja kujibiwa, anapita kwa kila mtu akimgusa bega kwa mkono wake mkubwa, ndipo anasema mwenyewe, "Yupo." Alimgusa binti, akasema yupo. Alimgusa Mama Pasi, mkono ukakaa pale begani muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema yupo. Kisha akafika mahali ambapo angesimama mtu mwembamba mwenye mguu mfupi, akanyamaza, akapita.

Binti alikuwa amekwisha futa machozi na kuanza kuwasimulia wenzake, kwa majivuno, jinsi alivyoishinda ngazi. Mama Pasi aliwaacha wakimcheka. Akazunguka nyuma ya tangi la maji, pale ambapo Sindano aliwahi kulia siku moja tu, akakaa chini, akalia kilio cha chini chini kinachotikisa mabega. Kile cha msichana kilikwisha kabla ya kesho yake. Hiki chake hakina mwisho. Kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.